Milima ya Gusii na vita vya santuri, kanda na CD

UKITAKA kujua watu wa mahali fulani wanapenda nini, usiwaulize maswali. Panda gari, shuka sokoni, kisha simama usikilize kinachopigwa. Jumapili hii tunakwenda Kisii na Nyamira kwa mtindo huo. Utaona migomba na majani chai, bila shaka, lakini hasa nataka tufuate sauti: jinsi familia za milima hii zilivyopokea santuri, kanda, CD na vyote vilivyofuata, na jinsi zilivyoviacha kimoja baada ya kingine. Njiani tutakutana pia na diski mbili zilizosifiwa kote duniani kwa sauti safi, ambazo hapa hazikupata hata mahali pa kutua.

Kutoka Nairobi ni mwendo wa takriban kilomita 300. Ukipitia Mai Mahiu na Narok, utavuka nyanda za ngano na mifugo, ufike Bomet, halafu Kaplong na Sotik. Ukishapita Chebilat, nchi inabadilika ghafla. Mashamba yanakuwa madogo madogo, vilima vinasogeleana, na kila kipande cha ardhi kina kitu kilichopandwa: ndizi, mahindi, wimbi, chai, kahawa, nyasi za ng'ombe. Mji wa Keroka umekaa mpakani, sehemu yake ikiwa Kaunti ya Nyamira na sehemu nyingine Kaunti ya Kisii. Mtu anaweza kunywa chai katika kaunti moja na kupanda gari katika nyingine bila kutoa jasho. Ukifika Keumbu umekaribia kabisa, na baada ya muda mfupi utauona mji wa Kisii ukiwa umejibana bondeni na kupanda mlimani.

Beba koti la mvua. Kisii iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na unyevu wa Ziwa Victoria ukipanda milima hii hugeuka mawingu karibu kila alasiri. Mvua hiyo huja na radi za kutisha. Gusii ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi. Yaweke moyoni mambo hayo mawili, unyevu na radi, kwani yana sehemu yake katika kisa chetu.

Usishangae pia ukimsikia mtoto akimwita mama yake "baba". Katika Ekegusii, lugha ya Abagusii, mama ndiye baba, na baba ni tata. Babu ni sokoro na nyanya ni magokoro. Asubuhi ukimwamkia mzee kwa neno "Bwakire", atakuitikia kwa uso mkunjufu, na huenda akakukaribisha kiti.

Kabla ya mashine

Sauti ya kwanza ya milima hii ni ya obokano. Ni zeze kubwa lenye nyuzi nane, limewambwa ngozi, na mpigaji huketi kigodani akilikumbatia kama mtu aliyebeba mzigo. Mvumo wake ni mzito, wenye kunguruma, na wanamuziki wengine wameufananisha na ule wa fidla kubwa ya besi ya Wazungu. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe. Obokano ilipigwa mbele ya wazee walipokaa kuburudika, na pia katika harusi na sherehe nyinginezo.

Ukumbuke mvumo huo mzito, msomaji, maana ndio mtihani wa kila chombo kilichokuja baadaye. Ni rahisi kutengeneza spika ndogo inayotoa sauti ya mwimbaji. Ni vigumu kutengeneza spika ndogo inayotoa besi ya obokano.

Santuri zilipofika, zilikuta nyumba zisizo na umeme. Hilo halikuzizuia, kwa sababu vinanda vya kwanza vya santuri vilizungushwa kwa mkono kama mtu anayesaga nyama. Baadaye zikaja santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika na vinanda vilivyotumia betri. Upande mmoja wa santuri hiyo ulibeba takriban dakika tatu tu. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za benga zilikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande wa mbele, sehemu ya pili upande wa nyuma. Msikilizaji alilazimika kuinuka na kugeuza santuri ndipo asikie gitaa zikikolea.

Nyingi zilitolewa Nairobi, katika maduka na studio za mitaa ya River Road. Lakini mwanamuziki wa magharibi mwa nchi hakuwa na lazima ya kwenda mbali hivyo. Kericho, mji jirani ng'ambo ya mashamba ya chai, kulikuwa na kampuni ya Chandarana iliyorekodi na kutoa santuri za bendi za eneo hilo. Kwa upande wa Abagusii, jina lililovuma kuliko mengi katika benga ni la marehemu Christopher Monyoncho. Ukiuliza habari zake katika mkahawa wowote wa Kisii mjini, hasa kama waliomo wana mvi, jiandae kukaa.

Hata asiyekuwa na kinanda cha santuri alisikia. Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, ilikuwa na matangazo ya Ekegusii kutoka kituo chake cha Kisumu. Redio moja ilitosha kijiji.

Kanda yashinda mlima

Kanda ya kaseti ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ilipofika katika milima hii ilishinda kabisa, na inafaa tuone kwa nini, maana sauti yake haikuwa safi kuliko ya santuri. Ilikuwa na mkwaruzo kama wa mtu anayekaanga mafuta jikoni, na ikizeeka ilipunguza mwendo hadi mwimbaji akasikika kama mgonjwa.

Sababu ya kwanza ni betri. Redio-kaseti ilibebwa begani, ikapelekwa shambani, harusini na matangani. Betri zilipochoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo, kisha zikarudishwa. Kwa miaka mingi nyingi za betri hizo zilitoka katika kiwanda cha Eveready mjini Nakuru, kilichofungwa mwaka 2014.

Sababu ya pili ni kwamba kanda haikuvunjika. Santuri ikianguka kutoka mkononi mwa mtoto, hasara. Kanda ikitafunwa na mashine, unaingiza kalamu katika tundu lake, unazungusha, na muziki unaendelea.

Ya tatu ndiyo kubwa zaidi: kanda iliweza kurekodi. Santuri ilikuletea sauti za wengine, lakini kwa kanda familia ilihifadhi sauti yake yenyewe. Kwaya ilirekodiwa kanisani, na kwaya ni jambo kubwa hapa, kwani Waadventista Wasabato na Wakatoliki wamekuwa Gusii tangu mwanzo wa karne ya 20. Harusi ilirekodiwa, na hotuba ya mzee na nyimbo za tohara pia. Jamaa waliokuwa Nairobi au Mombasa walitumiwa salamu kwa kanda badala ya barua.

Bila shaka uwezo huo huo ndio uliowaumiza wanamuziki. Kanda moja halali ilizaa nyingine kumi za wizi kabla ya jua kutua. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 biashara ya santuri nchini ilikuwa inakata roho, na uharamia wa kanda ulikuwa mmoja wa waliomkaba koo.

Vita vya Japan ambavyo Kisii haikuviona

CD yenyewe ilianza kuuzwa Japan mwaka 1982. Mashine ya CD hupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Kwa nini kiasi hicho? Kwa sababu sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde, na hesabu za wataalamu zinasema upime zaidi ya mara mbili ya hapo ndipo usipoteze kitu. Umri ukisonga, sikio husikia pungufu.

Wengi walidhani mambo yameishia hapo. Lakini mwaka 1999 Sony na Philips, wale wale walioleta CD, walitoa diski mpya iliyoitwa Super Audio CD. Hiyo ilipima sauti mara 2,822,400 kila sekunde, ingawa kila kipimo kiliandikwa kwa tarakimu moja tu. Mwaka uliofuata, 2000, kundi jingine la makampuni, wakiwemo Panasonic na Toshiba, likaleta DVD-Audio, iliyoweza kupima hadi mara 192,000 kwa sekunde kwa tarakimu 24. Kila upande ulidai kwamba diski yake ndiyo itakayorithi CD.

Mnunuzi wa Ulaya na Marekani akabaki njia panda. Mashine ya upande mmoja haikucheza diski ya upande wa pili. Kampuni moja ya nyimbo iliegemea huku, nyingine kule. Aliyetaka kusikia muziki ukimzunguka pande zote alihitaji spika sita, na kwa kuwa makampuni yaliogopa wizi, mashine za mwanzo zilidai nyaya sita tofauti kutoka mashine hadi kikuza sauti. Watu wengi walitazama nyaya hizo, wakatazama mifuko yao, wakaamua kungoja mshindi apatikane.

Mshindi hakupatikana. Wakati wakubwa wakipigana, wasikilizaji walikimbilia MP3, sauti iliyobanwa ikawa ndogo ili itoshee katika kompyuta na vyombo vya mfukoni. iPod ya Apple ilitoka mwaka 2001. Badala ya sauti bora zaidi, watu walichagua nyimbo nyingi zaidi. DVD-Audio ilififia mapema. Super Audio CD ilibaki kwa wapenzi wachache, hasa wa muziki wa okestra na jazi, ambao bado hununua diski hizo.

Je, masikio yalidanganywa? Mwaka 2007 Wamarekani wawili, E. Brad Meyer na David Moran, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Waliwachezea watu sauti kutoka diski hizo bora, kisha sauti ile ile ikiwa imeshushwa hadi kiwango cha CD, bila kuwaambia ipi ni ipi. Katika majaribio 554, waliopatia walikuwa asilimia 49.8. Ni sawa na kurusha sarafu juu.

Sasa rudi nasi Kisii mwaka huo wa 2000. Kenya ilikuwa imekumbwa na ukame, mabwawa yamekauka, na umeme ukawa wa mgao. Nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na umeme hata wa kugawiwa. Mama wa Nyamira aliyechuma chai tangu alfajiri hangeweza kuambiwa habari za nyaya sita na spika sita. Redio-kaseti yake ilikuwa jikoni, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe.

Diski iliyoshindwa, ndani ya Probox

Hata hivyo, mabaki ya vita vya Japan yalifika Gusii kwa njia usiyoitarajia. Simama katika stendi ya magari ya Kisii, upande wa yale yanayokwenda Nyamira. Utaona Toyota Probox zimejipanga, nyingine zikiwa zimepakia watu na mizigo kuliko mtengenezaji alivyoota. Magari kama hayo hutumika kwanza Japan kabla ya kuletwa kwetu. Katika baadhi ya magari ya Kijapani yaliyoletwa miaka iliyopita, ukichungulia redio yake utaona tundu jembamba lenye herufi MD. Hilo ni tundu la MiniDisc, diski ndogo ya Sony ya mwaka 1992 iliyokusudiwa kuiondoa kaseti. Japan ilipendwa sana; kwingineko haikushika. Tundu hilo limezunguka barabara zetu miaka na mikaka bila kulishwa diski hata moja.

Redio zenyewe zina kichekesho kingine. Japan hutumia masafa ya FM yanayoanzia 76, wakati yetu ni kuanzia 88 hadi 108. Kwa hiyo gari likifika na redio yake ya asili, stesheni nyingi za Kenya hazipatikani. Dereva wa Kisii atakosaje Egesa FM au Minto FM, zinazotangaza kwa Ekegusii? Basi humwendea fundi. Fundi hufunga kifaa kidogo cha kuhamisha masafa, au huing'oa redio yote na kuweka nyingine ya bei nafuu yenye tundu la flashi. Ukitaka kujua nani alishinda vita vya diski, tazama tundu hilo la flashi.

Ukiipanda Probox hiyo kwenda Nyamira, omba kukaa dirishani. Utauona ukingo wa Manga ukisimama kama ukuta wa mawe, na siku isiyo na ukungu waliopanda juu yake huliona hata Ziwa Victoria. Mbele kuna chai, kijani kibichi kilichokatwa sawasawa kama zulia, hadi Kebirigo na kuendelea.

VCD ilivyoteka sebule

Baina ya kanda na flashi kulipita diski moja ambayo wakubwa wa Ulaya na Marekani waliidharau, nayo ni VCD. Ilianzishwa mwaka 1993. Picha yake ilikuwa na ukungu na diski moja ilibeba dakika 74 hivi. Lakini ilipata makao Asia na Afrika, na Gusii haikuachwa nyuma. Mashine zake kutoka China zilikuwa rahisi, diski zake zilichomwa kwa urahisi katika kompyuta ya kawaida, na hazikuwa na kufuli wala mipaka ya nchi.

Zaidi ya hayo, VCD ilionyesha watu. Kwaya iliyokuwa ikisikika tu katika kanda sasa ilionekana ikiwa imevaa sare, ikiimba kando ya maporomoko ya maji au katikati ya shamba la chai. Magokoro aliweza kumwona mjukuu wake katika safu ya pili. Ni diski gani ya sauti bora ingeshindana na hilo? Baada ya ibada muuzaji alikaa nje ya kanisa na meza yake, na familia ikarudi nyumbani na diski.

Tatizo lilikuwa umeme na radi. Chombo cha betri hakikuwa na waya wa kuogopa. Mashine ya VCD na televisheni vilichomekwa ukutani, na radi ikipiga nguzo ya umeme, vyote viliweza kuungua mara moja. Ndiyo maana ukiwa mgeni Gusii, ukisikia ngurumo ya kwanza utaona mtu akiinuka haraka kuchomoa nyaya. Usidhani amechoka na muziki. Anaokoa mali. Mafundi wa Kisii mjini wamekula mkate kwa ajili ya radi hizo, na kwa ajili ya lenzi za CD zilizoshika vumbi na unyevu, zilizosafishwa kwa pamba na spiriti.

Mambo yaligeuka upesi baada ya hapo. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa. Mwaka huo huo Safaricom ilianzisha Skiza, nyimbo za kuitikia simu. Mwaka 2015 serikali ilizindua mpango wa Last Mile wa kusambaza umeme hadi majumbani. Redio ndogo zenye tundu la flashi na memori kadi zikajaa sokoni Daraja Mbili. Nyingine zina kioo cha kuchaji kwa jua. Kijana alimpelekea mwenye duka flashi yake, akawekewa nyimbo mia kwa bei ya chai na mandazi. Siku hizi YouTube imemfanya hata msanii wa kijijini ajulikane mbali. Embarambamba wa Nyamira, anayeimba huku akipanda miti na kujigaragaza matopeni, ametazamwa na watu wengi wasiojua neno moja la Ekegusii.

Usiseme kwamba watu wa Gusii hawajali sauti nzuri. Pita mitaani jioni usikie wufa. Familia zimejinyima ili kununua spika kubwa yenye besi, na bodaboda wamefunga spika katika pikipiki zao. Pesa za kununua sauti zilikuwepo, ila zilinunua besi. Akili hapo ni nyingi. Spika ya ukubwa wa kiganja haiwezi kutoa mvumo mzito hata ukiilisha diski ya tarakimu 24, ilhali wufa hutoa besi ya kutosha hata kwa MP3. Mtu aliyelelewa karibu na obokano anajua anachokitafuta.

Kinachobaki nyuma

Kila chombo kipya kilipoingia, kilibeba nyimbo chache kutoka kile cha zamani na kuziacha nyingine. Zilizohamishwa ni zile zilizopendwa na wengi. Wimbo wa Monyoncho utaupata kwenye simu. Lakini kanda ya harusi ya mwaka 1984, ambayo ndani yake sokoro alisimama akabariki maharusi, haipo YouTube wala katika flashi ya mtu. Ipo katika katoni chini ya kitanda, katika nyumba yenye unyevu ule niliokutajia, na ukungu mweupe umeanza kuota kwenye utepe wake. Redio-kaseti ya kuichezea iliharibika zamani. Waliorekodiwa wengi wamekwisha kwenda.

Wapo wanaojitahidi. Shirika la Ketebul Music la Nairobi, chini ya Tabu Osusa, lilitoa mwaka 2008 kazi iliyofuata historia ya benga, kitabu pamoja na CD na DVD. Huko Ufaransa pia kumewahi kutolewa CD ya obokano. Ni jambo la kushukuru, na pia la kufikirisha, kwamba mtu wa Paris anaweza kuwa na obokano safi rafuni mwake, huku mjukuu wa mpigaji hana hata dakika moja.

Na hapa ndipo zile tarakimu za Japan zinapopata kazi. Wataalamu wa kimataifa wa kuhifadhi sauti wanashauri kwamba rekodi ya zamani ikinakiliwa, itumie tarakimu 24, na ipimwe angalau mara 48,000 kwa sekunde; wengi hutumia 96,000. Hawafanyi hivyo kwa sababu sikio litasikia tofauti leo. Wanafanya hivyo ili atakayekuja kesho, akitaka kuondoa mkwaruzo na kusafisha sauti, apate pa kufanyia kazi bila kuiharibu zaidi. Kiwango kilichoshindwa kuuzwa madukani kinafaa kabisa kuhifadhi sauti ya nyanya.

Basi ikiwa kwenu ni Kisii au Nyamira, au kwingineko kokote, na Desemba hii unapanga kwenda mashambani, fanya hivi. Uliza kwa heshima kama kuna kanda za zamani. Usizicheze kwenye mashine yoyote iliyookotwa. Tafuta iliyosafishwa kichwa chake kwa spiriti, ama sivyo utepe utatafunwa. Kanda yenye ukungu mpelekee fundi kwanza. Unganisha mashine na kompyuta kwa waya, wala usirekodi kwa kuweka simu mbele ya spika. Hifadhi faili kubwa ya WAV, halafu ndipo utengeneze MP3 ya kusambazia jamaa. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti, kwani radi haibishi hodi.

Muhimu kuliko yote, keti na wazee mkiisikiliza, na uandike: nani anaimba, ni wapi, mwaka gani, na maneno yale ya Ekegusii yana maana gani. Sauti isiyo na jina, baada ya miaka ishirini, ni kelele tu hata ikiwa safi namna gani.

Kwa mgeni asiye na jamaa huko, siku mbili zinatosha kuonja. Siku ya kwanza zunguka Kisii mjini na soko la Daraja Mbili, ule obokima bwa wimbi kwa chinsaga, mboga chungu kidogo inayopikwa kwa maziwa. Siku ya pili nenda Nyamira upitie Manga. Ukisikia mahali fulani kuna harusi na obokano itapigwa, omba ruhusa uingie. Kaa karibu na mpigaji, kifuani utausikia ule mvumo. Na ukiruhusiwa kurekodi, muulize jina lake kwanza, na umlipe.